Dawa Moja, Nguo Tatu

Zimeni hiyo jenereta, wanangu, msogee, maana sauti yangu imekuwa nyembamba na sitaki kushindana na mashine. Igga, kaa hapa miguuni. Keji, mpishe kaka yako Jacob. Na wewe Kerubo, mke wa Jacob, usisimame mlangoni kama mgeni. Leo nasema Kiswahili ili neno langu likufikie bila mkalimani, na Igga akikwama, Keji atamwambia kwa Kiarabu chetu cha Juba.

Jana nilipoanguka jikoni nilikuwa mbali, nikielea juu ya maji meupe kama maziwa, na marehemu baba yenu Arkangelo amekaa ng'ambo anachonga mpini wa jembe, hana haraka. Ndipo nikamsikia Igga akinong'ona: "Huyu Mukenya iko napatia mama dawa mubaya." Neno hilo lilinirudisha. Siondoki nikaliacha nyuma yangu likizurura humu ndani.

Sikulishwa sumu na mtu. Nimeanguka kwa sababu dawa ya presha sikuimeza, na nitawaambia kwa nini, kwani nimesoma chuo kikuu na bado nilifanya mambo ya mtu asiyejua kusoma.

Mkataba wa amani ulipotiwa saini mlirudi, Igga kutoka Khartoum, Keji kutoka Kampala, Jacob kutoka Nairobi na bibi arusi wake, na kila mmoja akaniletea dawa ya kule alikokulia. Kila asubuhi mlikuja kuchungulia pakiti, kila mtu yake, mkanisahau mimi niliyelala kando yake. Kwetu mama hali sahani ya mtoto mmoja akasukuma za wengine, huonja zote. Basi nikaonja zote, nikaunda serikali ya umoja wa kitaifa tumboni mwangu, na Jumapili ile nikazimia kanisani katikati ya wimbo. Daktari akazitazama pakiti, akacheka: "Mama, hii ni dawa moja, imevaa nguo tatu. Chagua moja."

Kuchagua! Yeye ana watoto wangapi?

Kerubo ndiye aliyeniambia, "Mama, meza ya Igga. Hii yangu iache tu, sitanuna." Igga, umesikia? Nikameza yako. Keji akaona yake imejaa, akaacha kunisalimia. Jacob akauliza kama mke wake ananuka. Basi nikaacha zote. Kila siku nikatoa kidonge katika kila pakiti, nikavitupa chooni kwa haki sawa, nanyi mkafurahi. Daktari akiuliza, "Unameza?" nasema, "Nameza, mwanangu," anaandika, maana sote tulitaka kwenda nyumbani.

Tena nisijifanye mtakatifu, bila dawa asubuhi zilikuwa tamu. Kichwa kilijaa upepo, ukuta huu wa nyumba yetu ya hapa mtaani Buluk ukawa unapumua, kuku wakatembea hewani, mama yangu akapita nje akiwa msichana mdogo kuliko Keji, akanipungia mkono. Ningemwambia nani? Mngeniletea pakiti ya nne.

Sasa shikeni haya. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, isiuzwe, isigawanywe kwa kamba. Kiwanja cha New Site ni cha Jacob na Kerubo, na Igga ndiye atakayesimika nguzo za mpaka, kwa mkono wake, majirani wakiona. Mkiugua, ulizeni, mjibuni daktari ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni wa kijinga.

Nini, Igga? Malesh? Usiniombe mimi msamaha, baba. Mgeukie. Mwambie yeye, kwa Kiswahili chako hichohicho kibovu, atakuelewa.

Kalas, basi. Ngojeni nipumue.

Kerubo, nikifa, wewe ndiye utakayeniosha. Shangazi zao watakuja wakipiga kelele kwamba hiyo si kazi ya mgeni; waambie nimesema. Mikono iliyotajwa kwa ubaya ndiyo itakayonigusa mwisho, uso, mabega, miguu, na Igga atakutekea maji, hataagiza mtu.

Mungu awalaze pamoja na awaamshe pamoja... awape watoto wenye kelele... Keji, usilie, mwanangu, lala hapa begani... Jacob, mshike mkeo...

Igga. Uko wapi? Chukua ndoo. Usingoje nife... nenda sasa... nataka kuyasikia maji yakiingia.