Mashua Mbili za Mzee Kagwe

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Erastus Kagwe, mpiga picha wa Kamenu, mjini Thika. Mzee Kagwe alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Alizaliwa Gitothua, Ruiru. Kwa miaka arobaini, mchana wake ulikuwa wa picha za vitambulisho na harusi. Usiku wake ulikuwa wa maji. Kila mwezi ulipokuwa mpevu, alikwenda kwenye bwawa lililo nje ya Ruiru kupiga picha za mashua.

Alitafuta picha moja tu: mashua na taswira yake majini, zote mbili safi. Usiku, kamera huacha jicho wazi kwa nusu dakika nzima. Mashua ikitikisika kidogo, picha imeharibika. Yahya, mwenye mashua, aliifunga kwa kamba mbele na nyuma, akateremsha na mawe kama nanga. Bado ilicheza.

"Mzee, mimi nimeshalala mara mbili. Mashua hii haijalala hata mara moja," Yahya alimwambia.

"Basi lala ya tatu," Mzee akajibu.

Kisha presha ya macho ikamwandama. Mwaka juzi nuru ya macho ikazimika kabisa. Na ile picha moja, wasikilizaji, alikuwa bado hajaipata.

Binti yake, Wamboi, alimshika mkono wakarudi bwawani. Wamboi alishika kamera. Baba yake aliketi juu ya debe, akisikiliza maji yakigonga ubao wa mashua. Saa nzima ikapita. Hatimaye maji yakanyamaza.

"Bonyeza," akanong'ona.

Wamboi akaitazama picha. "Imetoka, Baba. Imetoka vizuri sana."

"Wewe ni mtoto wangu. Hata ingetoka sufuria ya ugali, ungeisifu."

Hilo ndilo lililomnyima raha. Picha hakuiona, na kila aliyemuuliza alimpenda mno hata asingeweza kumwambia ukweli.

Wamboi akaipeleka picha kwa Mugo, fundi wa fremu, ambaye hakuwajua. Mugo akaitia kioo, akaja kuitundika kwenye studio ya Mzee ya picha, akaenda zake. Jioni Wamboi aliingia na baba yake, akasimama ghafla.

"Baba, huyu fundi ameitundika kichwa chini."

Akampigia simu papo hapo, akaiweka kwenye spika.

"Dada, niliikagua vizuri," Mugo akajitetea. "Mashua ni mbili, zote zimetulia. Nilichagua iliyoonekana safi zaidi, nikaiweka juu."

Mzee Kagwe akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Huyo hanijui," akasema. "Hana sababu ya kunidanganya. Wamboi, iache hivyo hivyo."

Iko hivyo hivyo hadi leo. Mwezi unapokuwa mpevu, Wamboi huwapeleka bwawani vijana wanane anaowafundisha kupiga picha. Yahya angali anafunga kamba zake. Na kabla ya yeyote kugusa kamera, wote huketi kwanza, wakasikiliza maji.

Wamboi, pamoja na ukoo wote wa Kagwe, nawe Yahya, pokeeni pole zetu. Mwenyezi Mungu awatie nguvu.

Nawe msikilizaji, ukipita Kamenu, ingia studioni humo. Inamisha kichwa uitazame picha hiyo. Kisha ujiulize ni nani nyumbani kwako ambaye sifa zako amezisikia za kutosha, na sasa anangoja umwambie kweli.