Msumari wa Koti la Diwani

Kijiwe chetu kina benchi moja la mbao, linalotosha watu wanne wanaopatana au watatu walionuniana. Limeegemea ubavu wa kibanda cha kahawa cha Mama Birika, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi inayoenda shuleni. Mimi ni fundi wa mafriji. Karakana yangu iko hatua kumi na mbili kutoka hapo, na ukinikosa karakanani usihangaike kupiga simu, njoo benchini. Kulia kwangu hukaa Diwani, ambaye hajawahi kuwa diwani hata siku moja. Alikuwa tarishi wa baraza la mji, akabeba mafaili miaka ishirini na tisa, na anaamini yaliyoandikwa humo yalimwingia kupitia kwapani. Akifika tu huvua koti lake la kijivu, hulitundika kwenye msumari ukutani mwa kibanda, na hapo kikao kimefunguliwa. Kushoto kwangu ni Futi, fundi mwashi, asiyetoka nyumbani bila futikamba mfukoni. Mwisho wa benchi ni Bi Cherehani, mshonaji, mwenye pini tatu mdomoni na bado anatuzidi sote kwa maneno.

Siku hiyo mwenye kahawa yake hakuwepo, na sababu ilikuwa lile tangazo. Wiki mbili nyuma baraza lilibandika karatasi kwenye nguzo ya umeme: njia ya waenda kwa miguu itapanuliwa, mtaro utachimbwa, vibanda vyote vya kona vitaondolewa. Mwenye kibanda atakayeandikwa kwenye daftari jipya atapewa nafasi katika banda linalojengwa ng'ambo. Asiyeandikwa, shauri yake. Na daftari linafungwa leo, saa sita mchana. Mama Birika amelea watoto wawili kwa kibanda hicho, na wa pili bado yuko shule. Basi alfajiri alichemsha kahawa, akatuachia birika juu ya jiko, akaenda zake barazani kupanga foleni. Diwani alichukia kama aliyetukanwa.

Diwani: Nilimwambia asiende! Nilimwambia, mama, tulia, hilo niachie mimi. Pale barazani kuna mlango gani ambao sijaufungua?

Bi Cherehani: Uliufungua, ukaacha faili, ukaufunga.

Diwani: Na kati ya kuufungua na kuufunga, nilikuwa nasikia.

Mimi: Haya, umeongea na nani kuhusu kibanda?

Diwani: Na wahusika.

Mimi: Wahusika gani?

Diwani: Wahusika hawatajwi ovyo ovyo vijiweni, fundi. Nimimine kidogo hapo.

Nikammiminia. Birika lilikuwa bado zito, na sisi tulikuwa na uhakika na kila kitu.

Futi: Mimi sitaki maneno ya kusikia. Nimepima. Tangu ile alama nyekundu ya baraza kwenye ukuta wa kinyozi mpaka alama ya kwenye kibanda hiki, ni mita kumi na mbili kamili. Sasa niambieni, mtu anayetembea kwa miguu ana mabega ya mita kumi na mbili?

Bi Cherehani: Labda wanatembea wakiwa wameshikana mikono.

Futi: Cheka. Hiyo si njia ya miguu, dada. Hiyo ni njia ya ndege.

Mimi: Ndege?

Futi: Zile ndogo. Za watu wanne. Nimejenga nyumba ya mtu anayo, namjua. Kachoka na foleni ya asubuhi.

Mimi: Itue hapa, mbele ya shule?

Futi: Jumapili shule imefungwa!

Bi Cherehani akatoa pini mdomoni. Akitoa pini ujue ni hoja nzito.

Bi Cherehani: Nyinyi wanaume mnaona ndege, hamuoni vitambaa. Nimeletewa nguo kumi na sita za rangi moja nishone, na mwenye oda hataki kusema za shughuli gani. Ni harusi. Binti wa mkubwa mmoja wa kule juu anaolewa, na msafara utapita hapa. Wanataka barabara pana ili magari yaende mawili mawili kwenye video. Mtaro ni kisingizio tu.

Mimi: Wabomoe mtaa mzima kwa ajili ya video?

Bi Cherehani: Fundi, wewe hujawahi kuozesha. Nyamaza.

Diwani alikuwa ametulia, amefumba macho nusu, kama mwalimu anayesubiri wanafunzi wamalize ujinga wao. Akakohoa.

Diwani: Mmemaliza? Sasa sikilizeni jambo lenyewe, na lisivuke hapa. Hakuna ndege, hakuna harusi. Kuna kikombe.

Futi: Kikombe gani?

Diwani: Cha chai. Mchora ramani wa baraza, namfahamu, mtu wa chai sana. Alikitua kikombe juu ya ramani ya mtaa wetu. Kikaacha duara. Bosi wake akaingia, akaona duara, akauliza, hili nini? Mchora ramani akaogopa kusema ni chai. Akasema ni mzunguko wa magari. Bosi akasema, vizuri sana, mji unakua. Akagonga muhuri.

Nawaambia ukweli, kwa dakika nzima niliamini. Na Futi, ambaye alishaweka ndege mbele ya shule, akauliza kwa adabu kabisa:

Futi: Duara la kikombe kikubwa au kidogo?

Diwani: Kikubwa. Ndiyo maana kibanda cha Mama Birika kimo. Kingekuwa kikombe kama hiki, angepona.

Akanyanyua kikombe chake tukione. Basi na Mama Birika asihofu, akaendelea kusema, kwa kuwa wahusika wanajua kwamba yeye Diwani anayo siri hiyo, na hawatathubutu kumgusa. Wote tukakubali kwamba kibanda kiko salama. Tukamiminiana tena kwa kumpongeza.

Hapo ndipo akatokea mwanamke wa makamo, buti za mpira miguuni, kofia ngumu ya njano kichwani, na daftari refu la jalada gumu lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akasalimia, tukaitikia. Diwani akajinyoosha.

Diwani: Karibu, dada. Wewe ni wa mipango miji. Nimekutambua kwa buti.

Dada wa daftari: Asante, baba. Tumeamua kupita wenyewe mtaani, foleni ya ofisini imetushinda. Kibanda hiki cha nani?

Sote kwa pamoja: Cha Mama Birika!

Akacheka kidogo, akafungua daftari.

Dada wa daftari: Na jina lake?

Futi: Mama Birika.

Dada wa daftari: Hilo nimelisikia. Nataka la kwenye kitambulisho.

Nilimtazama Diwani. Diwani alimtazama Futi. Futi alimtazama Bi Cherehani, naye akarudisha pini zote tatu mdomoni, jambo ambalo hulifanya asipotaka kujibu.

Dada wa daftari: Mna muda gani hapa?

Diwani: Miaka kumi na minne!

Dada wa daftari: Kila siku?

Diwani: Isipokuwa nikiumwa.

Dada wa daftari: Basi jina lake ni nani?

Diwani: Linaanza na... subiri. Lipo. Lipo hapa kwenye ulimi.

Mimi: Kwani ofisini hamna rekodi?

Dada wa daftari: Daftari la zamani liliharibika, paa lilivuja masika yote. Ndiyo maana tunaandika upya. Naenda kwa fundi viatu na kwa kinyozi hapo ng'ambo. Nikirudi nikute jina, la sivyo nafunga ukurasa. Saa sita ni saa sita.

Akavuka barabara. Jamani, aibu ina joto. Nilihisi masikio yangu yanawaka.

Mimi: Mpigieni simu!

Futi akatoa simu yake. Kwake ameandikwa "Kahawa". Akapiga. Simu ikalia palepale, ndani ya sanduku la vikombe. Mama Birika alikuwa ameisahau. Bi Cherehani akaitoa, akaitazama inavyowaka, akakunja uso.

Bi Cherehani: Nani huyu?

Kwenye kioo palikuwa na majina matatu, la mtu, la baba yake na la babu yake. Mbele yake pameandikwa: kikombe kikubwa, asiongezewe sukari hata akiomba.

Futi: Ni mimi.

Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Miaka yote hiyo nakaa naye bega kwa bega, na jina la babu yake nalisoma kwenye simu ya muuza kahawa. Nikapiga ya kwangu. Yakatokea majina yangu yote, hata lile la babu ambalo wanangu wenyewe hulikosea, na maneno: mgongo unamsumbua, aachiwe nafasi yenye nguzo ya kuegemea. Nami nilidhani nafasi ile huwa wazi kwa bahati yangu. Bi Cherehani akapiga yake, akasoma, hakutuonyesha. Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Mimi: Diwani, zamu yako.

Diwani: Ya nini? Namba yangu anaijua.

Bi Cherehani: Piga.

Akapiga. Majina matatu. Na chini yake: anaishi peke yake tangu mkewe afariki, asipofika mpaka saa nne apigiwe.

Diwani aliitazama simu mpaka ikazima yenyewe. Nikakumbuka zile asubuhi anazofika amechelewa, analalamika kuwa simu imemwamsha, akaipokea bila kutazama namba, mtu ameuliza hali halafu akakata. Yeye alikuwa akituambia ni baraza, wanamhitaji bado.

Futi akachungulia birika. Kahawa imekwisha. Na dada wa daftari ndiye huyo anavuka barabara, saa mkononi anaitazama.

Dada wa daftari: Haya, wazee wangu. Limepatikana?

Diwani mwenye milango yote, Futi mwenye vipimo, sote tukageuza macho barabarani. Akainua kalamu ili apige mstari.

Bi Cherehani: Dada, subiri kidogo, tafadhali! Anakuja!

Kweli alikuwa anakuja, mbio mbio kutoka upande wa shule, kanga imemteremka begani, viatu mkononi.

Mama Birika: Barazani wameniambia dada wa daftari yuko kwangu! Nimekimbia njia nzima. Nimewahi?

Dada wa daftari: Umewahi, mama. Zimebaki dakika nne. Jina lako? Hawa wenzako limewatoka.

Mama Birika akatutazama, mmoja mmoja. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasogea hadi benchini, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha Diwani, akaliondoa koti la kijivu kwenye msumari.

Chini ya koti palikuwa na fremu ya kioo. Ndani yake leseni ya kwanza ya kibanda, muhuri wa baraza, picha yake akiwa bado kijana, na majina yake matatu kwa wino mweusi, herufi kubwa za kusomeka kutoka barabarani. Msumari ule ulikuwa wa fremu. Sisi tuliufanya wa koti, na hata fremu ikiwa wazi hakuna aliyewahi kuisoma.

Diwani: Lakini mama, mbona hukusema?

Mama Birika: Siku ya kwanza ulikuja umelowa, unatafuta pa kuanika koti. Nikaona nisikufukuze. Ya pili ukalitundika tena. Basi.

Dada wa daftari akaandika, akisoma kwenye kioo.

Dada wa daftari: Sasa shahidi. Nani kati yenu anamfahamu mama huyu?

Ni swali la kawaida tu, kila kibanda huulizwa. Lakini mkono haukuinuka hata mmoja. Ningesema namfahamu vipi, mtu ambaye nusu saa iliyopita sikujua anaitwaje? Dada akatusubiri. Mama Birika akainama kuvaa viatu vyake, na hakutazama upande wetu.

Diwani akasimama. Koti alikuwa amelikumbatia kifuani. Akaisogelea fremu, akasoma majina yale matatu kwa sauti, polepole, kidole kikifuata kila herufi, kama mtoto anayejifunza.

Diwani: Simfahamu kama inavyotakiwa, dada, sitakudanganya. Ila andika hivi. Alifungua siku ya Jumatatu, mvua ikinyesha, na ndiyo siku niliyostaafu. Kikombe chake cha kwanza nilikinywa mimi. Hajafunga hata siku moja ambayo mimi nilikuwa mzima. Kama hilo linatosha, nitaweka sahihi.

Dada wa daftari: Linatosha, baba.

Akaweka sahihi. Dada akafunga daftari, akatuaga, akaenda. Futi akatoa futikamba akaanza kupima fremu, bila sababu yoyote, ili tu asitutazame.

Mama Birika akalinyanyua birika, akalitikisa.

Mama Birika: Mmemaliza yote! Nyie watu! Ngoja nikateke maji.

Akachukua ndoo, akashika njia ya bombani. Diwani akamwita, kwa jina lake la kwanza, lile la kwenye fremu. Hakugeuka. Hapa kwetu hajawahi kuitwa hivyo, angejuaje kuwa ni yeye? Diwani akamwita tena kwa sauti zaidi, akamfuata kumpokea ndoo.