Samaki wa Mkurugenzi

Mbele ya karakana ya baiskeli ya Omwenga, hapo Rangwe, kuna benchi la kanisa lililokatika mguu mmoja. Limeegemezwa juu ya rimu kuukuu. Nyamoita hushusha birika lake la kahawa hapo jua likianza kuchoma. Na hapo ndipo Nashon, anayeitwa Digrii kwa sababu hana kingine, ameketi tangu amalize chuo. Juma hili ameonekana kidogo. Shirika moja la wakulima wa pamba limemchukua kwa majaribio awatengenezee mashine ya barua-pepe, na leo saa kumi mkurugenzi ataamua kama atamwandika kazi ama atamrudisha kwenye rimu.

— Nimesikia umeharibu kompyuta ya watu, alisema Omwenga, ambaye kila mtu humwita Spana. Ati kioo cheusi tititi, maandishi meupe kama ya ubao.

— Haijaharibika. Haina picha, basi. Unaiandikia amri, inatii. Inapokea barua kutoka Nairobi, inazigawa ofisini. Picha ni za nini?

— Mkurugenzi naye alijuaje inafanya kazi?

— Hakujua. Akaniambia nirudishe picha kufikia leo, otherwise nipotee. Mtu ana diploma ya kufuga kuku, ananifundisha server.

Nicodemus, aliyewahi kuwa chairman wa soko na akakataa kurudisha jina, alipuliza kahawa yake.

— Hizo barua huenda saa ngapi?

— Usiku. Zinapitia waya wa simu, na simu ni rahisi usiku.

— Nani akiwa hapo?

— Hakuna mtu. Inapiga yenyewe.

— Omera, ndugu yangu, kitu kinaamka usiku peke yake, kinasumbua watu gizani, asubuhi kimetulia kama si yeye. Sisi Wajaluo tuko na jina yake.

— Usiseme jajuok, Chairman.

— Sijasema. Umesema wewe.

— Nyinyi mnaona wakimbiaji wa usiku hata ndani ya waya, Spana alidakia. Hiyo ni ya serikali. Mashine bila picha ni ya watu hawataki kuonwa. Leo inasoma barua, kesho chifu anajua pamba yako imeoza.

— Kumbe ndio maana bei ilianguka, alisema Chairman. Ilitusikia tukinong'ona tutahamia mahindi.

Nashon alitaka kukasirika, akacheka. Yeye alikuwa na siri tamu kuliko hasira.

— Sikizeni. Leo asubuhi nimechomoa kile kioo, nikakiunga kwa kompyuta nyingine, mezani kwa bosi. Nikamwekea samaki.

— Samaki?

— Picha. Usipoigusa, samaki wanaogelea kwa screen, wa blue, wa yellow. Aliita ofisi nzima ije ione. Akanishika mkono: “Hii sasa ndiyo mashine ya barua.”

— Na ile ya giza?

— Iko chini ya meza, bila kioo, bila keyboard. Haihitaji. Barua zote zinaingilia kwake, zinapanda na waya hadi kwa samaki. Bosi anadhani samaki ndio wanaleta. Let him. Saa kumi nasaini.

— Hao samaki ni ngege ama mbuta? Chairman aliuliza.

— Hawavuliwi Homa Bay hao.

— Basi hata hawaliwi. Hasara.

Hapo ndipo Jerusha, karani wa mkurugenzi, alipovuka barabara na thamosi ya ofisi mkononi.

— Nashon, nilijua uko hapa. Mkurugenzi amefurahi mpaka wageni wa leo anawapeleka kwanza kwa samaki. Ameleta friji ya soda. Lakini soketi ni moja tu, na imeshikwa na kisanduku fulani chini ya meza. Hakina kioo, hakina chochote, kinavuma tu. Amesema nikuulize: hicho kina kazi gani?

Chairman alikazia macho barabara ya Homa Bay. Spana akainama kuokota nati ambayo haikuwa imeanguka.

Nashon alipiga hesabu. Akisema ukweli, yeye ni tapeli kabla ya saa kumi. Akinyamaza, soda zitakuwa baridi, samaki wataogelea vizuri mbele ya wageni, na hakuna barua itakayofika tena.

— Digrii, umeulizwa, alisema Nyamoita, akiinamisha birika juu ya kikombe chake. Yalitoka machicha matupu.

Jerusha akabadilisha thamosi mkono.

— Ama nichomoe tu?