Mama Sungura na Gauni Lake Jeupe

Baba, kaka, wajomba na mashangazi, majirani zetu, na nyinyi wauguzi ambao naona wengine mmekuja na magauni meupe na wengine na suti za bluu, kila kundi limekaa upande wake, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu. Aliyepaswa kusoma ni kaka maana ndiye mkubwa, lakini sauti imemkauka tangu juzi, kwa hiyo mtanivumilia, na nikienda mbio nipungieni mkono, mama mwenyewe alikuwa akisema mimi huongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Tena leo naogopa, nisiwafiche, kwa sababu jeneza limefungwa na najua wengi mnataka kujua nimemvalisha nguo gani. Nitafika huko, ila naomba nianze pale maisha yake yalipoanzia.

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi mwashi na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na mama mdogo, huyu aliyenishikia mtoto hapa mbele, anasema dada yake alianza uuguzi kabla hajajua kusoma, kazi yake ilikuwa kuwafunga wadogo zake vitambaa vichwani na magotini, uumwe usiumwe, ukikaa vibaya tu umeshafungwa bendeji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 akamaliza 1978, akasoma sekondari kuanzia 1979 hadi 1982, akafaulu vizuri biolojia na kufeli hesabu, yeye alipenda kusema alifeli kidogo tu, na mwaka 1983 akajiunga na chuo cha uuguzi, ambako alikutana na mkufunzi wake, ambaye sote tunamwita Matroni, na ambaye leo yuko nasi kwenye kiti cha mbele na mkongojo wake, shikamoo Matroni.

Wanafunzi wa wakati ule wanamkumbuka Matroni kwa rula ya mbao, kila asubuhi walipanga mstari naye akapita akipima upindo wa kila gauni, uwe chini ya goti, kofia isimame kwa wanga bila kuinama, nywele zote ndani, viatu vimepakwa chaki, saa imebanwa kifuani upande wa kushoto, na ukikosea unarudishwa bwenini hata kama wodini wanakuita. Mama aliwahi kumuuliza kama mgonjwa anapona kwa upindo, kwa udogo wake ule, akajibiwa mbele ya wenzake, "Sikiliza wewe mtoto, sisi tulipoanza tuliitwa vijakazi wa daktari, nilipochaguliwa kwenda chuo majirani walikuja kumpa baba yangu pole, hakuna aliyetupa heshima, tuliipiga pasi sisi wenyewe." Mama alilisimulia jambo hili nyumbani mara nyingi, na kila alipofika hapo aliacha kucheka, akasema, yule mama alikuwa na haki yake.

Rula hiyohiyo ndiyo iliyomleta baba, kwa maana mwaka 1986, akiwa mwaka wa mwisho, alirudishwa kwa sababu gauni lilipanda juu ya goti, akakimbilia kwa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mbele ya geti la chuo, akisema, "Kaka, nishushie upindo, nina dakika chache tu," na fundi akashusha upindo taratibu sana, anavyokiri mwenyewe, na alipomkabidhi gauni akamwambia kuna sehemu hajaridhika nayo, arudi tena kesho. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1990, wakajaliwa watoto wawili, kaka mwaka 1992, na mimi mwaka 1999, na wajukuu watatu, wa mwisho ndiye huyu mnayemsikia akilalamika, wa kwangu mimi, ana miezi mitatu.

Aliajiriwa tarehe 5 Januari 1987 katika hospitali aliyoitumikia hadi mwisho, kwanza wodi ya wanaume, kisha wodi ya wazazi, na mwaka 1996 akahamishiwa wodi ya watoto, na hapo ndipo habari ya nguo ilipoanza. Wodi ile ina mlango wa vioo mwishoni mwa ukumbi mrefu, mama aligundua kwamba watoto walianza kulia alipotokea tu kwenye kioo, sindano haijaonekana, trei haijaonekana, ni ule weupe, na akiwa na kanga begani anapotoka zamu watoto walewale walimchekea na kumwita bibi. Basi akaja nyumbani, akachukua mabaki ya kitambaa cha pazia ambayo mteja wa baba aliyaacha, kitambaa cha rangi ya njano chenye sungura, akamwambia baba, nishonee aproni, na baba anasema alijua siku hiyohiyo kwamba nyumba haitakaa kwa amani.

Aproni ile ilikuwa na kazi yake, haikuwa pambo. Mtoto anayetakiwa kuchomwa alichagua sungura mmoja, mama akachukua bomba lisilo na sindano, akampangusa sungura pajani kwa pamba yenye spiriti, akamchoma, akamuuliza, "Umeumia, bwana?" akamsikilizia, akamgeukia mtoto na kusema, "Anasema kidogo, na anasema wewe ni mkubwa kuliko yeye." Kwa miaka yote ile sungura wale wamepauka mapaja, mabega yao bado yana rangi, mapaja yamebaki meupe, na ndivyo alivyopata jina la Mama Sungura ambalo wengine wenu hamjui hata jina lake jingine.

Sasa wapo waliosema aliishushia kazi hadhi, na si haki niyapite hayo kwa sababu tuko msibani. Matroni, ambaye wakati huo alikuwa ndiye mkuu wa wauguzi wote wa hospitali, alimwita ofisini akamwambia, "Nimekufundisha uvae kama muuguzi, wewe umevaa dirisha la watu," na wenzake walicheka ukumbini mwezi mzima. Lakini lililomuuma halikutoka kwa Matroni, lilitoka kwa baba mmoja aliyeleta mtoto mwenye homa kali, mama alipomsogelea yule baba akamkumbatia mtoto na kugeuka upande, akasema, "Nimeomba nesi, siyo mpishi." Mama aliivua aproni palepale, akabaki na jeupe, na mtu yuleyule akamkabidhi mtoto.

Aliporudi nyumbani siku hiyo alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, maana mama hakuitika salamu ya mtu yeyote kabla hajavua viatu, alisema mtu mwenye viatu bado yuko kazini, kisha akakaa na baba kwenye cherehani. Alimwambia yule mzazi hakukosea, alikuwa na hofu, na mwenye hofu hutafuta alama anayoijua, sasa na mtoto naye ana hofu, na alama hiyohiyo ndiyo inayomtisha, nifanyeje. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema, "Funga mkanda juu yake." Basi kuanzia hapo ilikuwa gauni jeupe chini, aproni juu, na juu ya aproni mkanda wa muuguzi na bizimu yake ya fedha na saa kifuani, mtoto akaona sungura, mzazi akaona mkanda, na akitoka wodi ile aliivua na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kwa sababu, alisema, sungura hawa wana wodi yao, mzee anayeumwa kifua hahitaji sungura. Aproni haikutoka wodini ila kwa kufuliwa au kushonwa.

Mwaka 2019 hospitali ilileta suti za bluu, suruali na blauzi, na mama alizifurahia kuliko vijana, alisema hatimaye anaweza kupiga magoti bila kushika gauni, na aproni akaivaa juu ya bluu bila tatizo. Ikawa hivyo hadi Februari 2022 alipoanza kuugua figo, akalazwa kwenye hospitali yake mwenyewe, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na hapo ndipo mama yetu alipobadilika mawazo, au tuseme yaliongezeka. Asubuhi moja maumivu yalimzidi, akamwita dada aliyevaa bluu, akamweleza yote kwa lugha ya kitaalamu, dozi na saa ya mwisho aliyopewa, na yule dada akasimama ameshika fagio nyuma yake, akasema kwa upole, "Mama, mimi ni wa usafi, ngoja nikukimbilie nesi," na kweli alikimbia. Wote walivaa bluu ileile, nesi, wa usafi, wa maabara, na mama alikuwa hana miwani. Nilikasirika, yeye akaniambia, "Usigombe na mtu, mwanangu, mimi nimevaa sare miaka yote hii, nimegombezwa kwa ajili yake na nimebishania, lakini sijawahi kuitazama nikiwa nimelala."

Akaniagiza sindano na uzi mweusi, nimshonee vipande vya kitambaa cheupe vyenye neno NESI, herufi kubwa, asome mtu aliyelala bila miwani, vibanwe kifuani kwa pini. Cha kwanza nilikishona pale kitandani nikiwa na tumbo kubwa la huyu mtoto, herufi zikapinda zote, E imelala kama imechoka, mama akacheka hadi akakohoa, lakini hakukubali nikifumue. Vingine vilinyooka kidogo, na wauguzi wa wodi ile wamevivaa hadi leo, naviona hapo.

Mtoto wangu alizaliwa mwezi Mei, mama akamshika, yeye mwenyewe akiwa amelala kitandani, na tarehe 17 Agosti 2022, saa tisa alasiri, baba akiwa upande mmoja na mimi upande mwingine, akatutoka.

Juzi Matroni alikuja nyumbani na gauni jeupe amelipiga wanga mwenyewe, kofia na viatu vimepakwa chaki, akasema, "Aende akiwa muuguzi." Wauguzi wa wodi ya watoto nao wakaja wakasema aende na sungura wake, aproni ilikuwa nyumbani kwa baba kwa ajili ya mfuko uliochanika. Maneno yakawa mengi, mjomba akasema atafunga mlango, kaka akasema lolote litakalowanyamazisha, na mimi ndiye wa kumvalisha, na kila upande uliniambia usituaibishe.

Basi nawaambieni. Mama amevaa gauni jeupe, mkanda na saa, kwa sababu alilipenda na alilifanyia kazi, na kifuani nimembana kile kipande cha kwanza kilichopinda. Matroni aliingia nikiwa bado nakibana, akakisogelea, akasema, "Kimepinda hiki," nikashika uzi nikifumue, akanizuia mkono, akasema, "Kiache," akainyoosha kola, akatoka.

Aproni haimo. Nimemaliza kuushona mfuko, na leo asubuhi kabla ya kuja hapa nimeirudisha wodini nikaitundika kwenye msumari wake, na sijafika hata kwenye ngazi nikamsikia nesi kijana akimuuliza mtoto, "Haya, chagua, yupi tumchome kwanza?"

Familia inawashukuru madaktari wa figo, wauguzi wa wodi zote mbili, yule dada wa usafi aliyekimbia, majirani mliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake wote, wa jeupe na wa bluu, na shukrani za pekee kwa Matroni, aliyemfundisha kusimama.

Limebaki moja ambalo Matroni halijui, analisikia sasa na ninaomba asinyanyue mkongojo. Viatu sikumvalisha. Vile vyenye chaki viko nyumbani, mlangoni, mahali pake pa siku zote, jozi imekaa sawa.

Umefika, mama. Hakuna zamu tena. Pumzika kwa amani.