Chakula cha Rika la Lusungu

ACKSON: Haloo? Nani huko?

SEKELA: Mimi, mama Lusungu. Niko posta, Tukuyu. Nakusalimu, mugonile—

ACKSON: Ndaga, mke wangu. Mpaka nimeitwa kutoka kwenye mashine huku kazini! Kuna msiba?

SEKELA: Hakuna. Ni mwanao. Siku ya tisa leo hajakanyaga nyumbani.

ACKSON: Si uliniandikia amejenga na wenzake, kule kijiji kipya cha ujamaa—

SEKELA: Kulala alale huko, ana miaka kumi na sita, ndiyo desturi yetu. Lakini kula si wanapita kwa mama zao, rika zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule? Kwangu hawapiti tena. [mkwaruzo] ...unanisikia?

ACKSON: Kwa mbali. Umewafanya nini?

SEKELA: Kwa nini mimi?

ACKSON: Sekela.

SEKELA: Jumapili wanashinda shamba la kijiji, kanisani hawaonekani. Jioni wakaja kula. Nikasema anayesali akae, asiyesali atoke. Nilidhani watanyenyekea!

ACKSON: Na Lusungu?

SEKELA: Alinyanyuka wa kwanza. Jana mtoni mdogo wake Tupokigwe kaniambia Ijumaa anaondoka na vijana wanaokwenda kulima mpunga Usangu. Hata kuniaga hana habari. Njoo umkataze, wewe ndiye baba!

ACKSON: Kwa kiboko? Kanizidi urefu. Na likizo yangu ni Desemba.

SEKELA: Unacheka?

ACKSON: Uchovu tu. Sikia. Mimi na kaka yako Hezron, ujanani tulikuwa tunakula wapi?

SEKELA: Kwa mama. Ulivyokuwa mlafi!

ACKSON: Nilikuwa nimebatizwa?

SEKELA: Baba Lusungu, hayo—

ACKSON: Sala niliijulia palepale, naitikia amina ili chakula kije upesi. [mkwaruzo] Mama yako hakuniuliza kitu.

SEKELA: Wako saba. Na Jaffari wa mzee Haruni, yule Mwislamu, yumo.

ACKSON: Naye. Pika ndizi na maharage, umtume Tupokigwe awaite. Wote, siyo wako peke yake.

SEKELA: Na sala?

ACKSON: Sali wewe. Fupi.

SEKELA: Halafu Ijumaa aende zake vilevile?

ACKSON: Huenda. Lakini ameshiba, na amekuaga.

SEKELA: Karani ananionyesha saa, dakika zinaisha. Wasipokuja, je? Nimechoka mwe, baba—

ACKSON: Najua. Kesho upike tena, na keshoku—

SEKELA: Haloo? Baba Lusungu? ... Haya.