Msitu wa Kakamega, Sikukuu ya Jamhuri

Benchi letu pale Suneka liko nje ya kibanda cha Nyamongo, fundi baiskeli tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Vilima vyote hivi vina kahawa, lakini birika la Redio ni la chai, na chai hiyo ndiyo iliyopanga safari. Mimi naitwa Kompasi. Shule niliiacha darasa la tano, mwalimu alipoishiwa na la kunifundisha. Novemba ile ya mwaka sabini nilikuwa nimemwambia Mwalimu Nyanchama kwamba msitu wa Kakamega nimeutembea kwa miguu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba nitampeleka asubuhi nimrudishe jioni, kabla hajahamia Kenyenya. Ukweli ni kwamba sijawahi kuvuka Sondu, hata nusu ya njia, lakini hilo lilikuwa shauri langu na Mungu.

— Tunaenda Jamhuri, nikasema, kama nilivyosema kila siku kwa wiki tatu. Sikukuu, hakuna kazi, hakuna udhuru.

— Na lori la shemeji yangu linapeleka mzigo Kakamega siku hiyo hiyo, akasema Eliakim, karani kutoka upande wa ziwa, mtu wa maneno machache na shati la pasi. Linatoka saa kumi alfajiri.

— Kila mtu alete panga, akasema Redio. Chui wa kule akiona panga anakuangalia, anafikiria watoto wake, anaenda zake.

— Chui ni kitu kidogo, akasema Ombui. Huyu ndiye tunayemwita Daktari. Alifagia zahanati miezi minane. Shida, akaendelea, ni hewa. Miti mingi hivyo inakunywa hewa yote. Ukifika katikati lazima upumue kwa zamu.

— Zamu na nani? akauliza Eliakim.

— Na mwenzako. Ndiyo maana watu hawaendi peke yao.

— Na nyani? akauliza tena.

— Nyani wako juu. Wanaipata ikiwa bado mpya.

— Tena jua haliingii, akasema Redio. Saa ya mkono inasimama, haijui kama ni mchana.

— Yangu hutembea hata ndani ya mfuko, akasema Eliakim.

— Mfuko si msitu, ndugu, nikamwambia. Wewe mtu wa samaki, tulia, umeketi na aliyefika. Kuna mti kule niliuzunguka tangu asubuhi. Upande wa pili nikakuta mzee anauzunguka tangu juzi.

Hapo Nyanchama akatokea na kikapu chake kutoka sokoni. Redio akampangusia benchi kwa kitambaa cha grisi. Mwalimu akabaki amesimama.

— Nimenunua raba za kutembelea, akasema. Swali moja tu. Jamhuri mwaka huu ni siku gani?

Daktari akaanza kuhesabu vidole, akafika mahali, akafumba mkono. Redio akatazama kalenda ukutani kama mtu aliyeona nyoka.

— Jumamosi, akasema Eliakim.

Redio, Daktari na mimi ni Wasabato. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Jumamosi kwetu hata moto wa kupikia haukokwi, seuze kupanda lori. Wiki tatu tumepanga chui na hewa, na hakuna aliyegeuza kalenda.

— Tusogeze Jumapili, nikasema.

— Jumapili niko misa, akasema Nyanchama. Na Jumatatu nahamia Kenyenya.

— Na lori ni Jumamosi, akasema Eliakim, kwa huruma iliyonikera.

Nyanchama akaangalia raba zake ndani ya kikapu.

— Basi nitakwenda na Eliakim na dada yake Margret. Kompasi, wewe tuelekeze tu. Tukishuka Kakamega mjini, msitu uko mkono gani?

Nikaokota kijiti, nikachora barabara kwenye vumbi, nzuri, imenyooka. Wote wakainama. Kijiti kikapita Sondu, kikapita Kisumu, kikafika mjini, kikasimama.

— Redio, nikasema, hebu nimiminie chai.

— Imeisha, akasema Redio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.