Fungu la Ng'ombe wa Pasaka

Jumatatu ya kwanza baada ya Pasaka ya mwaka jana, saa tatu asubuhi, kaka yangu Gashaw alianguka mlangoni kwake hapa Debre Markos, vidole vyake bado vikinukia siagi ya sikukuu. Daktari alisema mshipa wa moyo uliziba. Sasa mwaka umezunguka. Tuko wiki ya mwisho ya mfungo mkuu, hatujagusa nyama, maziwa wala yai tangu ulipoanza, na jioni hii kwenye benchi la kahawa la Mama Tirfe tunachangia ng'ombe wa Pasaka, kila mtu apate fungu lake. Mimi, Yitbarek, nimewaambia fungu langu lisiwe na mafuta, na siagi sitakula.

— Lisiwe na mafuta? akaruka Siagi, muuza siagi wa sokoni, ambaye jina lake la ubatizo nadhani hata padri amelisahau. Kwani tunachinja ng'ombe au tunachinja mchicha?

— Nimepimwa, mafuta ya damu yako juu. Dada Hirut, mtaalamu wa lishe wa hospitali, amenipangia chakula.

— Msichana wa juzi! Siagi anaijua yeye?

— Kwanza aliniuliza ninakula nini. Nikamweleza mfungo wetu. Akasema, "Baba, dengu na mboga unazokula sasa endelea nazo, mafuta ya kukaangia tu ndiyo upunguze. Shida yako ni asubuhi ya Pasaka."

— Hapo kakosea! akadakia Profesa, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani yake. Mfungo unasafisha damu. Saa hizi mishipa yetu inang'aa kama sufuria la arusi. Pasaka tunaijaza upya. Haba na haba hujaza kibaba!

— Tena isipojazwa ni hatari, akasema Siagi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mishipa ina nyufa, bwana, siagi ndiyo inaziba.

— Ndivyo ilivyomziba kaka yangu.

Mama Tirfe akamimina kikombe cha tatu na cha mwisho, kile tunachokiita baraka.

— Gashaw siku yake ilifika, akasema Profesa kwa upole. Halafu kuna jambo hamlijui. Mafuta ya ng'ombe wa Pasaka hayagandi mwilini. Yanajua ni sikukuu.

— Yana kalenda? akauliza Mama Tirfe.

Tukacheka. Siagi hakucheka. Akanigeukia.

— Yitbarek. Siku hiyo nikikulisha tonge kwa mkono wangu mwenyewe, kama ndugu yako, utalikataa mbele za watu?

— Mkono wako nitaubusu. Tonge nitalikataa.

— Hiyo ni aibu!

— Iwe aibu. Gashaw hakujua kukataa mkono wa mtu. Mimi mfungo siachi, benchi hili siachi, dawa za daktari nameza. Mke wangu amemlilia shemeji yake mwaka mzima. Kunililia na mimi, asubiri.

Mwalimu mpya wa shule ya kanisa, aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe chake, akakohoa.

— Samahani, wazee wangu, mimi mgeni. Huyo marehemu, naye alikuwa anafunga?

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Gashaw alifunga tangu utotoni. Alifunga hata akiwa na homa, na wote pale walimwona, mwaka hadi mwaka, akinywa kahawa kavu kwenye benchi hilihili.

— Sawa, akasema Siagi hatimaye, bila kunitazama. Fungu la Yitbarek lisiwe na mafuta. Mama, mimina.

Mama Tirfe akainamisha birika la udongo. Halikutoa kitu.

Ee Mungu, uliyepokea mifungo yake yote, umpumzishe Gashaw kifuani mwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Amina.